Diwani ni wa Nani? Hotuba juu ya Mgombea wa Upinzani katika Arusha na Meru

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, na ambayo Kamati imeamuru yachapwe ili wasiohudhuria nao wayapate.)



Kamati imenitaka niseme nanyi juu ya mgombea wa upinzani anayesimama kugombea kiti cha udiwani. Najua wako miongoni mwetu wanaoidharau habari hii. Husema: Urais ndio uchaguzi, Ubunge na Uwakilishi ndio uchaguzi, ama udiwani ni kiti cha kuzoa taka na kutia taa njiani. Mimi nakwambieni kwamba asemaye hivyo hajaitazama njia anayoipita kila siku. Soko analonunulia samaki, mtaro unaofurika mlangoni pake wakati wa masika, ushuru anaotozwa mama muuza vitumbua, mahali ambapo mchuuzi ataruhusiwa kutandika bidhaa zake na mahali atakapofukuzwa: haya yote huamuliwa katika baraza la madiwani kabla hayajafika penginepo. Serikali kubwa iko mbali na mtu mnyonge. Baraza ndilo lililo karibu naye, na likimuonea humuonea kila siku.

Lakini sikusimama hapa kukusomeeni kazi za diwani. Nimekuja na suali moja tu, nalo ni hili: huyu tunayemsimamisha, akishinda, ni wa nani? Ni wa chama? Ni wa nafsi yake? Au ni wa wale waliotoka alfajiri wakapanga mstari wakampa kura? Ili tupate jawabu, nakuombeni twende pamoja mpaka Arusha na vijiji vya Mlima Meru. Nimepachagua huko kwa kuwa katika miaka michache tu yamewafika madiwani wa upinzani takriban mambo yote yawezayo kumfika diwani, mema na maovu. Wazee walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mji wa Arusha umekaa chini ya Mlima Meru, nao ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2012. Ukiifuata barabara iendayo Moshi utafika Tengeru, penye soko mashuhuri, na ubavuni mwa mlima hapo utaikuta Akheri, nchi ya migomba na kahawa. Akheri si kata ya jiji. Imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru na katika jimbo la Arumeru Mashariki. Lakini ndizi za mlimani huliwa mjini, na vijana wa mlimani hutafuta kazi mjini, na habari ya siasa itokayo mjini asubuhi hufika migombani kabla ya jua kutua. Kwa hivyo ya mji na ya mlima nitayasimulia pamoja.

Watu wa Meru hawakuanza jana kumtuma mtu akawasemee. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikapotea. Wameru walifanya nini? Walikusanya fedha wao wenyewe, kidogo kidogo, mkulima na mkulima, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka New York. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza dhulma ile, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama huko huko mwaka 1955. Kesi ile haikuwarejeshea ardhi yao kwa wakati ule. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka katika nchi akiwaeleza watu aliyoyasema na aliyojibiwa. Yeye alijua nauli yake imetoka mifukoni mwa nani, na kwa hivyo alijua hesabu ampe nani. Jambo hili lishikeni, maana nitalirudia.

Sasa tuje karibu. Katika uchaguzi wa Oktoba 2010 wapinzani wa CHADEMA walipata ubunge wa Arusha Mjini na viti vingi vya udiwani. Fahamuni kwamba Meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, bali huchaguliwa na madiwani wenyewe, na kwa hivyo kiti kimoja tu huweza kuamua nani avae joho. Ulipofika uchaguzi wa Meya mwezi wa Disemba mwaka ule, ugomvi ukazuka. Chama tawala kilimhesabu katika baraza mbunge wa viti maalumu aliyepatikana kwa Mkoa wa Tanga. Wapinzani wakasema huyu si wa Arusha, hana haki ya kupiga kura hapa. Meya akatangazwa kutoka chama tawala, na wapinzani wakakataa kumtambua. Tarehe 5 Januari 2011 watu wakaandamana, polisi wakapiga risasi, na watu watatu wakafa. Jee, ndugu zangu, yuko bado anayesema udiwani ni kiti kidogo?

Baada ya vifo vile baadhi ya madiwani wa upinzani walikaa na wenzao wa chama tawala wakapatana. Upinzani ukapewa Unaibu Meya, na madiwani hao wakasema wanataka amani na kazi za mji ziendelee. Makao makuu ya chama chao hayakuridhia. Yakasema mapatano yale yamefanywa bila ya idhini, na mwaka 2011 yakawafukuza uanachama madiwani watano, wanne wa kata na mmoja wa viti maalumu. Kwa sheria ya nchi, diwani asiye na chama hana kiti. Mashauri yakaenda mahakamani, na kata za Elerai, Kaloleni, Themi na Kimandolu hazikupata madiwani wapya mpaka mwaka 2013.

Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Yumkini madiwani walikosea kwa kupatana kabla ya kuuliza, na yumkini chama kilikosea kwa ukali. Mimi natazama upande mwengine. Mtu wa Kaloleni aliyempigia kura diwani wake mwaka 2010 hakuwamo katika chumba cha mapatano, wala hakuwamo katika kikao cha kufukuza. Madiwani walisema, sisi ndio tuliochaguliwa, tunajua la kufanya. Chama kikasema, kiti ni chetu sisi. Na mwenye kura alibaki nje ya milango yote miwili, akasikia habari kwa wapita njia.

Basi ukafika uchaguzi mdogo wa kata zile nne, uliopangwa kufanywa tarehe 16 Juni 2013. Siku mbili kabla yake, tarehe 14 Juni, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha hapo hapo, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kwamba kumzuia raia asigombee mpaka awe na chama ni kuvunja haki yake. Kesho yake, tarehe 15 Juni, CHADEMA ilikuwa inafunga kampeni zake katika viwanja vya Soweto. Mkutano ulipokuwa unamalizika bomu lilirushwa katikati ya watu. Wakafa watu, akiwamo mtoto, na wengi wakajeruhiwa. Uchaguzi ukaahirishwa.

Ulifanywa hatimaye tarehe 14 Julai 2013. Mtu angeliweza kudhani kwamba kina mama wangelikaa majumbani mwao, na kwamba wazee wangelisema yatosha, siasa si kitu cha kufia. Lakini watu walitoka, na wagombea wa upinzani wakashinda kata zote nne. Nakwambieni, hakuna baraza la mji lililopata kuwa na kiti chenye thamani kubwa kuliko vile vinne. Diwani aliyekikalia kiti kile alikuwa amekopeshwa na watu wake kitu kisichoweza kulipwa kwa maneno.

Huko mlimani nako mambo yalikuwa yakienda. Mwaka 2012 mbunge wa Arumeru Mashariki alifariki dunia, na chama tawala kikamsimamisha mwanawe. Upinzani ukamsimamisha Joshua Nassari, kijana aliyekuwa amegombea mwaka 2010 akashindwa. Tarehe 1 Aprili 2012 Nassari alipata kura 32,972, na mpinzani wake kura 26,757. Huyu hakuwa na jina kubwa la kurithi. Alichokuwa nacho ni vijana waliolinda masanduku, na wakulima waliotaka kusikia mtu akiitaja ardhi yao na maji yao. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani ukawa na nguvu kubwa zaidi, mlimani na mjini. Karibu kata zote za jiji la Arusha zilikuwa zake, na Meya wa jiji akatoka kwake.

Kama hotuba yangu ingelikoma hapa mngelipiga makofi, na mngelikwenda nyumbani mkiwa furaha. Lakini mimi sikutumwa kukufurahisheni.

Mwaka 2017 madiwani wa upinzani walianza kujiuzulu mmoja baada ya mmoja na kuhamia chama tawala. Katika Meru walijiuzulu madiwani wa kata kadhaa, Maroroni na Leguruki zikiwamo, na katika jiji lenyewe kata ya Muriet ikabaki wazi. Wenyewe walisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Wenzao walioachwa walisema wamenunuliwa, na mwezi wa Oktoba mwaka ule Nassari na wabunge wenzake wakapeleka kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kanda walizosema ni ushahidi. Tarehe 26 Novemba 2017 uchaguzi mdogo ulifanywa katika kata 43 za Tanzania Bara. Katika kata za Arumeru wapinzani walitangaza kujitoa, wakilalamika kuwa mawakala wao wamepigwa na kuzuiwa. Jioni ile chama tawala kikawa na kata 42, na upinzani moja.

Na Nassari mwenyewe? Mwaka 2019 alivuliwa ubunge kwa sababu ya kutohudhuria mikutano ya Bunge, na kiti chake kikachukuliwa na mgombea wa chama tawala aliyepita bila ya kupingwa. Baadaye akahamia chama hicho hicho, na mwaka 2021 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Bunda. Yule aliyepeleka kanda za kuwashitaki waliohama, naye akahama.

Simtukani mtu. Kila raia ana haki ya kuamini leo lile asiloliamini jana. Lakini nasema tena lile nililolisema juu ya mwaka 2011. Diwani anapotaka kuondoka, sheria haimlazimishi kuwaita waliomchagua akawauliza. Anaandika barua, anaipeleka kwa mkubwa, na kata inaamka asubuhi haina mwakilishi. Mwaka 2011 chama kilisema kiti ni cha chama. Mwaka 2017 madiwani walisema kiti ni cha mwenye kukikalia. Hawa wawili walikuwa mahasimu, lakini katika jambo moja walikubaliana: kwamba wenye kura wasiulizwe.

Na sisi wa visiwani tusijifanye wageni wa habari hii. Wazee waliomo humu wanaukumbuka uchaguzi wa Januari 1961. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu viti 9, na ZPPP viti 3. Na kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Kura moja, ndugu zangu! Mtu mmoja angelichelewa kwa homa au kwa msiba, na hesabu ingelikuwa nyengine. Lakini baada ya maelfu ya watu kupiga kura kwa uangalifu namna ile, nani aliyeamua serikali? Ni wale watatu wa ZPPP. Wawili wakaenda upande wa Hizbu, mmoja akaenda upande wa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, na nchi ikalazimika kurudi kwenye uchaguzi mwezi wa Juni. Uchaguzi ule wa Juni ulitoka na damu; watu 68 waliuawa. Kwa hivyo suali langu la diwani ni wa nani si la Arusha peke yake. Sisi tuliulizwa zamani, na gharama yake tunaijua.

Yuko atakayenijibu: Bwana, wewe unatufundisha namna ya kumlinda diwani baada ya kushinda, na siku hizi hata kushinda kwenyewe hakupatikani. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na vyama kadhaa vikajitoa. Mwaka 2020 upinzani uliambulia viti vichache mno. Mwaka 2025 chama kile kilichoshinda kata nne za Arusha hakikuwamo kabisa katika karatasi ya kura. Sasa tunalinda nini?

Hoja hii ni nzito wala siidharau. Lakini itazameni vizuri. Mgombea akienguliwa kwa kosa la kujaza fomu, nani atakayekuwa ameisoma fomu ile kabla yake, mstari kwa mstari? Mgombea akitishwa usiku, nani atakayelala barazani kwake? Wakala akifukuzwa kituoni, nani atakayeijua sura yake na kushuhudia kwamba ndiye? Ni wenyewe wa wadi, watu wa jirani. Makao makuu hayawezi kulala baraza za watu wote. Mgombea aliyeletwa na gari kutoka mbali, kwa fedha za tajiri mmoja, hana mtu wa kumlalia barazani. Na huyo ndiye wa kwanza kununulika, maana amekwisha nunuliwa mara moja, na bidhaa iliyouzwa mara moja haishindwi kuuzwa mara ya pili.

Kwa hivyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa shauri, na naomba lijadiliwe na mkutano huu kabla hatujatawanyika.

Shauri langu la kwanza ni fedha. Kila wadi itakayosimamisha mgombea wa udiwani imgharamie kwa michango ya wanachama wake, hata kama ni ya bei ya kipande cha mkate, na hesabu zake zisomwe kwa sauti mbele ya watu. Tajiri mwenye mapenzi na chama asizuiwe kuchangia, lakini aandikwe katika daftari lile lile alioandikwa mvuvi na mshona viatu. Tumewaona Wameru. Fedha zao zilikuwa chache, na mtu wao akarudi kwao.

La pili ni uteuzi. Mgombea achaguliwe na wanachama wa wadi waliohudhuria, na aulizwe hadharani: unadaiwa na nani? Unafanya kazi kwa nani? Mwenye deni si mtu mbaya, wengi wetu tunadaiwa. Lakini deni lijulikanalo haliwezi kutumiwa kumtisha mtu gizani.

La tatu ni hesabu. Diwani wetu, kabla ya kila mkutano wa kawaida wa baraza, akae na watu wake awasikilize. Na baada ya mkutano arudi awaeleze alilolisema, na alilolipigia kura, na alilolinyamazia. Diwani anayeonana na watu wake mara nne kwa mwaka si rahisi kumuhamisha kwa barua ya usiku. Wamemzoea, naye anawaonea haya. Haya, ndugu zangu, ni mlinzi mkubwa kuliko sheria.

La nne ndilo zito, na najua halitawapendeza wote. Kanuni ya chama chetu iandikwe kwamba diwani akitaka kukihama chama, na vile vile chama kikitaka kumfukuza diwani, lazima kwanza uitwe mkutano wa wanachama wa wadi yake, wasikilizwe pande zote mbili, na maoni yao yaandikwe. Sisemi viongozi wafungwe mikono. Nasema wasifanye siri. Kama tunamkataza diwani kuuza kura za watu bila ya kuwauliza, nasi viongozi tusizifute kura hizo bila ya kuwauliza. Kanuni ikimbana mmoja na kumwacha mwengine, hiyo si kanuni.

Wako watakaosema kwamba haya yatatuchelewesha, na kwamba chama ni jeshi na jeshi halipigi kura vitani. Mimi sikubali. Watu wa Elerai, Kaloleni, Themi na Kimandolu hawakuwa askari wa mtu. Walikuwa wachuuzi, mafundi, kina mama na vijana wasio na kazi. Walisikia bomu, wakazika maiti wao, na mwezi mmoja baadaye wakaenda kupiga kura. Watu wa namna hiyo wanastahili kuulizwa. Na mimi naamini kwamba katika kila wadi ya visiwa hivi wamo watu wa namna hiyo, wanangoja tu kuona kama sisi tutawahesabu kuwa ni wenye mali au ni wapita njia.

Ahadi ni deni, Ndugu Mwenyekiti. Diwani anadaiwa na waliomchagua, na chama kinadaiwa na hao hao. Naomba mashauri haya manne yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yajadiliwe moja moja, na yapigiwe kura leo.